Ngazi ya Kiwanda cha Magodoro

Serikali inapenda kuwatangazia wananchi wote, walio kazini na walio kwenye foleni ya kutafuta kazi, kwamba tatizo la viongozi wa wafanyakazi kuanguka limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Limejengewa ngazi.

Tangazo hilo lilisomwa redioni baada ya taarifa ya habari. Aliyeliandika ni mtu mmoja mwembamba, mpole, mwenye mwandiko mzuri, ambaye cheo chake kilikuwa Mkurugenzi wa Utulivu Kazini. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelikumbuka pale wizarani. Watu walimwita Bwana Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilolitanguliza katika kila jambo, hata akiungua ulimi kwa chai.

Bwana Taratibu hakuwa mtu mbaya. Alisali, alilipa kodi ya nyumba, na hajapata kumnyooshea mtu kidole. Kazi ya kunyoosha mikono ilikuwa ya idara nyingine. Yeye alikuwa na kazi ya kuandika sentensi, na sentensi yenyewe ilikuwa moja: *Kiongozi huyo ameanguka kwenye ngazi na anaendelea vizuri.* Aliirithi kwa mkurugenzi aliyemtangulia, naye akaitunza kama mtu anavyotunza koti la marehemu baba yake.

Maana ilikuwa inajulikana, na ilikwishafanyiwa utafiti, kwamba viongozi wa vyama vya wafanyakazi huanguka sana. Mwaka mzima wanatembea vizuri tu, wanapanda basi, wanabeba watoto. Ukitokea mgomo mahali, wanaanguka. Kurugenzi iliwaita wadau, ikakodi ukumbi, ikanywa maji ya chupa, ikafikia hitimisho kwamba kiongozi wa wafanyakazi wakati wa mgomo husimama mno, na mtu anayesimama mno lazima aanguke. Lilikuwa hitimisho la kisayansi. Liliwekwa kwenye fremu.

Sasa tuje kwenye kiwanda.

Kiwanda cha magodoro kilikuwa banda moja refu la mabati, kimelala chini kama mjusi anayeota jua. Ndani kulikuwa na meza za kukatia sponji, mapipa ya gundi, na safu ya mafundi wenye sindano ndefu zilizopinda, wakishona pindo huku vumbi la sponji limewakaa kwenye nyusi. Mlango ulikuwa mmoja. Asubuhi wafanyakazi wakishaingia, mwenye kiwanda aliufunga kwa nje kwa kufuli, ufunguo akauning'iniza kwenye mkanda wake, akaenda kwenye shughuli zake. Alisema anazuia wizi. Hakuna aliyewahi kuonekana anatoka na godoro mfukoni, lakini mwenye kiwanda alikuwa mtu wa tahadhari.

Siku moja jiko la kuchemshia gundi lilishika moto. Wafanyakazi walikimbilia mlangoni, na mlango ukawa vile ulivyo. Ufunguo ulikuwa mjini unakula chakula cha mchana. Moto waliuzima wenyewe, kwa ndoo ya maji ya kunywa na birika la chai na kwa kuulalia na magodoro mabichi, wakalala kifudifudi wakivuta hewa kwenye ufa wa chini ya mlango mpaka mkanda wa mwenye kiwanda uliporudi. Hakufa mtu. Mwenye kiwanda akawapa pole, kisha akauliza nani kaharibu magodoro.

Kesho yake hawakufanya kazi. Walikaa nje ya banda, mafundi na wakataji na wanawake wa sponji, na kiongozi wa chama chao akasimama mbele. Huyu aliitwa Fundi Sindano. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya kukwaruza kwa ajili ya vumbi, na mke wake alikuwa meza ya pili kutoka mlangoni, akikata sponji. Walikuwa na ombi moja, halikuwa hata na ukubwa wa kuitwa madai: watu wakiwa ndani, mlango usifungwe kwa nje.

Bwana Taratibu alikwenda mwenyewe kuwasikiliza.

"Taratibu," alisema, "ombi lenu limepokelewa. Linafanyiwa kazi."

"Linafanyiwa kazi na nani, mkubwa?" Fundi Sindano aliuliza.

"Na wahusika."

"Ndiyo nauliza, wahusika ni akina nani? Maana ni kufuli. Kufuli hufunguliwa na mtu mmoja, na mtu mwenyewe yule pale, kakaa kwenye gari, kapandisha kioo."

"Ndugu yangu, jambo la kufuli lina upana wake. Kuna sera, kuna mkakati, kuna mchakato."

Mke wa Fundi akasema kutoka nyuma, wala hakuinua sauti, "Huo mchakato nao umefungiwa ndani pamoja na sisi, au uko nje?"

Watu wakacheka. Bwana Taratibu naye akacheka kidogo, kwa sababu alikuwa mpole, akaondoka na kuandika kwamba mazungumzo yamekwenda vizuri.

Jioni ya siku hiyo ilipita Timu ya Utulivu. Hawa walikuwa vijana walioajiriwa kwa kigezo cha mabega. Walimkuta Fundi Sindano njiani akitoka kiwandani, wakamsalimia kwa heshima zote, "Shikamoo mzee," naye akaitika marahaba, kisha wakamvunja mkono wa kulia, ule wa sindano, na kumpasua juu ya sikio. Walipomaliza walimwekea kofia yake kifuani.

Asubuhi Bwana Taratibu aliitoa ile sentensi, akaifuta vumbi, akaituma redioni. Fundi Sindano ameanguka kwenye ngazi ya kiwanda cha magodoro na anaendelea vizuri.

Alikuwa hajamaliza chai yake simu ilipolia. Alikuwa Binti wa Redio, msichana mmoja mwenye adabu sana, na adabu yake ndiyo iliyokuwa ikiwatisha watu wa wizara.

"Samahani, Bwana Mkurugenzi, nakusumbua. Nipo hapa kiwandani. Naitafuta ngazi siioni."

"Ngazi gani?"

"Aliyoanguka mzee. Banda halina ghorofa. Hata kizingiti halina. Nimezunguka nyuma nikakuta mbuzi."

Bwana Taratibu akakiweka kikombe chini.

"Halafu tena, shikamoo, nilisahau," Binti wa Redio aliendelea. "Kiwanda kizima ni magodoro. Yamejaa mpaka uani. Wasikilizaji wanapiga simu wanauliza, mtu anaangukaje kwenye kiwanda cha magodoro akavunjika mfupa?"

Hapa msomaji asije akamcheka Bwana Taratibu. Miaka yote sentensi ile ilitumika bandarini, ilitumika kwenye reli, ilitumika kwenye viwanda vya ghorofa na ghorofa, wala haijapata kudaiwa ngazi. Ofisi ina mambo mengi. Mtu hawezi kila siku kwenda kuangalia kama jengo lina ghorofa.

Mheshimiwa Waziri wa Kazi alimwita mara moja. Mheshimiwa alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mpenda viatu. Siku hiyo alivaa vyeusi vyenye soli iliyong'aa kama sahani, na alivitazama muda wote wa mazungumzo.

"Taratibu, umenitia aibu. Nchi nzima inacheka."

"Nisamehe, Mheshimiwa. Tunaweza kutoa masahihisho."

"Masahihisho?" Mheshimiwa aliinua macho kutoka kwenye viatu. "Serikali ikishasema kuna ngazi, unataka kesho iseme hakuna? Wananchi watashika lipi? Serikali haidanganyi, Taratibu. Inawahi tu kusema."

"Kwa hiyo, Mheshimiwa?"

"Kwa hiyo jenga ngazi."

Bwana Taratibu alihisi amani ikimshukia. Ndiyo maana huyu ni Waziri na mimi ni Mkurugenzi, aliwaza. Mimi nilikuwa nataka kubadili sentensi.

Ngazi ikajengwa. Fundi mwashi aliyepewa kazi alifika uani na kamba yake ya kupimia, akatazama banda, akatazama juu, akajikuna.

"Bosi, ngazi inaenda wapi?"

"Inaenda kwenye taarifa," alijibu Bwana Taratibu.

"Sawa. Juu niweke nini?"

"Weka pa kusimama."

"Mtu akishafika pale afanye nini?"

"Ashuke. Kazi yako ni kumpandisha, ya kushuka tunaijua sisi."

Mwashi alikuwa na watoto wanaokula, akajenga. Ikawa ngazi nzuri ya zege, imesimama peke yake katikati ya uwanja, ina mkono wa chuma upande mmoja, na kule juu ina kijukwaa ambacho mtu akisimama anaona ukuta wa jirani na nguo alizoanika. Mbuzi walikuwa wa kwanza kuipenda.

Fundi Sindano wakati huo alikuwa hospitali, ghorofa ya juu kabisa, katika Wodi ya Walioanguka. Wizara iliitenga wodi hiyo kwa huruma, ili walioanguka wapumzike bila kusumbuliwa na watu wenye maswali. Kwa usalama wao mlango ulifungwa kwa nje, na afande mmoja mwenye kitambi akakaa na ufunguo kwenye kiti. Wageni waliruhusiwa alasiri, kwa kuzungumza kupitia tundu la ufunguo, mmoja mmoja, wasigombanie.

Bwana Taratibu alikwenda kumtembelea, pamoja na askari mpelelezi, ili mgonjwa akubaliane na ngazi.

"Mzee, ulianguka," alisema mpelelezi.

"Nilipigwa, mwanangu."

"Wote husema hivyo," nesi alijibu kwa niaba ya serikali, akitikisa kipimajoto. Alikuwa mama wa makamo, mzito wa hatua, aliyeelekezwa jibu hilo siku wodi ilipofunguliwa, naye akilitoa bila kubadilisha uso, kama anavyotoa vidonge.

"Sasa ngazi ipo," Bwana Taratibu alimwambia kwa upole. "Nimeiona kwa macho yangu. Ni ngazi imara."

Fundi Sindano alimgeukia. "Bwana Mkurugenzi, mmejenga ngazi?"

"Tumejenga."

"Kwa zege?"

"Kwa zege, na mkono wa chuma."

"Na lile kufuli la pale mlangoni?"

"Hilo linafanyiwa kazi."

Mzee akageuza uso kuelekea ukutani. Hakuonekana na hasira. "Mke wangu leo karudi kazini," alisema. "Wamewaambia asiyerudi asirudi tena. Jiko la gundi lipo palepale. Mimi mkono utaunga, Mungu akipenda. Mkono si neno. Lakini nikisikia gari la zima moto linapita hapo chini, kaka yangu, nakaa na roho mkononi mpaka nisikie linaelekea wapi."

Bwana Taratibu hakuwa na sentensi ya jambo hilo. Akampa pole, akagonga mlango afunguliwe, akangoja kidogo, maana afande alikuwa amesinzia.

Siku ya kuzindua ngazi ikafika. Bwana Taratibu aliipanga mwenyewe na hakuacha kitu. Zulia jekundu lilitandikwa chini. Ngazi ilipigwa nta mpaka ukaweza kujitazama ndani yake. Wafanyakazi, ili wasivuruge hafla, waliwekwa kazini ndani ya banda na mlango ukafungwa. Waandishi wa habari walipelekwa kwanza upande wa pili kwenye soda na maandazi, waitwe picha zikiwa tayari. Binti wa Redio alisema yeye hanywi soda, akaambiwa basi atazame wenzake wakinywa.

Kabla ya kufungiwa, mke wa Fundi alimfuata Bwana Taratibu.

"Mkurugenzi, hebu tutandike magodoro pale chini. Yapo tele. Ile nta mliyoipaka si ya mchezo."

"Mama, asante, lakini haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Tukiweka godoro tutakuwa tumekubali kwamba kwenye kiwanda hiki mtu akianguka anaangukia godoro. Taarifa ya serikali itakuwa imeingia doa."

Yule mama alimtazama, akavuta pumzi, akasema, "Haya. Mungu awasimamie basi," akaingia ndani na kufuli likalia.

Mheshimiwa alipanda. Nyuma yake, kwa heshima ya hafla, ilisimama Timu ya Utulivu, mabega kwa mabega. Pembeni mwenye kiwanda alikuwa anapiga makofi kabla ya wakati. Mheshimiwa alifika kule juu, akatazama nguo za jirani, akasafisha koo, akafanya mazoezi ya hotuba kabla waandishi hawajaitwa.

"Ndugu wananchi. Kuna watu wanasema hapa hakuna ngazi. Leo mimi nimesimama juu ya nini?"

Kwa kweli alikuwa hajasimama tena. Ile soli iling'aa, na ile nta iling'aa, na vitu hivyo viwili vilielewana. Mheshimiwa aliondoka kwa makalio, akapita kwa ubavu, akashika mkono wa chuma ukamwacha, akafika kwenye zulia kwa kishindo ambacho wafanyakazi mle ndani walikisikia, mashine zikasimama.

Waandishi walipofika mbio, soda mkononi, walimkuta Mheshimiwa Waziri amelala chini, mkono wa kulia umekunjika vibaya, damu juu ya sikio, na Timu ya Utulivu imemsimamia kwa kumzunguka. Kijana mmoja wa timu, kwa mazoea tu, alikuwa amemwekea kofia yake kifuani.

Binti wa Redio akamgeukia Bwana Taratibu. "Samahani, Mkurugenzi. Mheshimiwa amepatwa na nini?"

Bwana Taratibu alifungua kinywa. Alitafuta maneno mengine kwa bidii, Mungu shahidi yake. Alitafuta *kuteleza*, akakumbuka kwamba Kurugenzi haina fungu la kuteleza. Na kwa mara ya kwanza tangu aingie kazini, ile sentensi ya urithi ilikuwa kweli tupu.

"Mheshimiwa," alisema, "ameanguka kwenye ngazi, na anaendelea vizuri."

Redio ikaitoa vilevile. Na nchi nzima, sokoni, kwa vinyozi, kwenye vituo vya mabasi, ikasema, "Ala. Kumbe na yeye alikuwa upande wa wafanyakazi."

Utaratibu wa hospitali ulijulikana. Aliyevunjika kwa gari alipelekwa mifupa, aliyevunjika kwa mpira alipelekwa mifupa, aliyeanguka kwenye ngazi ya kazini alipelekwa Wodi ya Walioanguka. Dereva hakuuliza. Wabeba machela hawakuuliza. Mheshimiwa alipozinduka alijikuta kitanda cha pili, mkono umefungwa plasta, jirani yake ni mzee mmoja mwenye mkono uliofungwa plasta vilevile.

"Pole, Mheshimiwa," alisema Fundi Sindano. "Wamekupiga na nini?"

"Sikupigwa. Niliteleza."

"Wote husema hivyo," nesi alisema, akamtia kipimajoto mdomoni. Mheshimiwa ndiye alikuwa wa kwanza wodini kusema kwamba hakupigwa, lakini jibu lilikuwa limeelekezwa.

Bwana Taratibu alifika alasiri akiwa na rasimu ya taarifa mpya. Kwenye korido alipita kwa taabu. Walikuwamo wafanyakazi wa magodoro, wametoka kazini bila kuruhusiwa mara kufuli lilipofunguliwa, safari hii kumgomea nani hata wao hawakujua vizuri. Walikuwamo watu wa reli na watu wa bandari, wamekuja na matunda kumpa pole mwenzao mpya. Mke wa Fundi alikuwa mstari wa mbele, kwenye tundu la ufunguo, na Binti wa Redio yuko begani kwake. Afande alimfungulia Bwana Taratibu, akamfungia ndani, akamwambia mke wa Fundi kwamba anashuka kunywa chai, haraka tu, na ufunguo wake kiunoni.

Nesi naye akatoka kwa mlango mdogo wa jiko la wodi kuweka uji motoni, akaitwa chini kwa simu, akateremka kwa ngazi ya nje, akaufunga mlango huo nyuma yake kwa sababu ndiyo sheria.

Ndani, Bwana Taratibu alisoma rasimu. "Taratibu, Mheshimiwa. Nimeandika hivi: *Mheshimiwa ameanguka kwenye ngazi, lakini kwa kweli.*"

"Ndiyo nini hiyo? Hiyo *kwa kweli* itawafanya waulize zile nyingine zilikuwaje."

"Nimeandika pia: *Ameanguka peke yake.*"

"Peke yangu na Timu ya Utulivu nyuma yangu? Taratibu, una akili wewe?" Mheshimiwa akanusa. "Harufu gani hiyo?"

Ilikuwa uji. Lakini uji ukiungua katika sufuria la hospitali hausemi kwamba mimi ni uji. Unatoa moshi tu, mweusi, mzito, na moshi ule ulipita juu ya mlango wa jikoni, ukatanda chini ya dari, ukaanza kushuka.

Mheshimiwa alikuwa mlangoni kabla ya mtu yeyote. Kwa mtu aliyevunjika alikwenda kasi sana. Alipiga mlango kwa plasta.

"Fungueni."

"Nani mwenzangu?" Sauti ya mke wa Fundi ilikuja kwenye tundu la ufunguo.

"Mimi Waziri."

"Shikamoo, Mheshimiwa. Waziri wa nini?"

"Wa Kazi. Mama, kuna moto humu. Fungua mlango."

"Ni ombi, au ni madai?"

"Ni ombi. Ni vyote."

"Basi limepokelewa, Mheshimiwa," alisema mke wa Fundi. "Linafanyiwa kazi."

Kwenye korido watu walishikana. Bwana Taratibu, ambaye sasa alikuwa amepiga magoti karibu na mguu wa kitanda, aliyajua maneno yale kama mtu anavyolijua shati lake likivaliwa na mwingine.

"Linafanyiwa kazi na nani?" Mheshimiwa alipiga kelele.

"Na mwenye ufunguo. Yuko chini anakunywa chai. Tumemtuma mtu mbio, Mheshimiwa, sikutanii hapo. Mume wangu yumo humo ndani na wewe."

Fundi Sindano alikuwa ameshashuka kitandani, amelala kifudifudi, shavu kwenye sakafu. "Laleni chini," alisema kwa sauti yake ya kukwaruza. "Mheshimiwa, njoo hapa, kwenye ufa. Hapa pana hewa. Mkurugenzi, nawe sogea, tutatosha."

Wakalala wote watatu, Waziri na Mkurugenzi na mshona magodoro, pua zimepangwa chini ya mlango kama viatu vya wageni. Nje, kupitia ufa uleule, Mheshimiwa aliona kandambili za wafanyakazi, nyingi, zimesimama kimya. Ndipo aliposema, kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia katika hotuba zake:

"Ni mtu gani, jamani, ni mtu gani mwenye haki ya kuwafungia watu kwa nje? Watu wako ndani. Watu wakiwa ndani mlango haufungwi kwa nje. Hilo linahitaji kuambiwa na mtu?"

Nje kandambili zikasogea kupisha.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema Binti wa Redio, ambaye alikuwa amechuchumaa na kuusogeza mdomo wa mashine yake chini ya mlango. "Umekohoa pale kwenye *watu wakiwa ndani*. Ungerudia tafadhali."

Akarudia. Alirudia vizuri zaidi.

Afande akafika anahema, mlango ukafunguliwa, sufuria likatolewa. Hakuungua mtu. Fundi Sindano aliinuka, mke wake akampangusa masizi usoni kwa ncha ya khanga, akamshika mkono ule mzima. Alimshika tu mpaka vidole vikabadilika rangi.

Yaliyofuata yaliendeshwa kwa ufanisi. Redio ilipiga maneno ya Mheshimiwa asubuhi, mchana na jioni. Kufuli la kiwanda cha magodoro lilitoka siku ileile, na wizara ikatangaza kwamba huo ndio umekuwa msimamo wake tangu zamani. Wakubwa wa Mheshimiwa, waliposikia kwamba Waziri wao ameanguka kwenye ngazi, kisha kawatolea wafanyakazi hotuba akiwa amelala, walimwondolea cheo ili apate nafasi ya kupumzika. Wafanyakazi wa magodoro wakaitumia ngazi kwa mikutano. Inasemekana kiongozi akisimama pale juu anasikika vizuri sana, na chini wameweka magodoro.

Siku ya Mheshimiwa kutoka hospitali ndugu zake walikuja kumchukua. Walikuwa wanaume wengi, walioshiba, wanaofanana naye shingo. Mbele yao alikuwa mama yake mzazi, bikizee mfupi mwenye tasbihi mkononi. Bwana Taratibu alikuwepo pia, kwa sababu wizara ilikuwa haijamwambia asiende.

Bikizee alikaa kitandani, akaupakata ule mkono wa plasta. "Mwanangu. Nani kakupiga?"

"Hakuna, mama. Niliteleza."

"Usiogope. Mimi ndiye niliyekuzaa. Sema."

"Mama, nakuapia. Nilianguka kwenye ngazi."

Machozi yakamtoka bikizee. Akawageukia wanawe. "Mnaona? Hata kwangu mimi wamemkataza kusema."

Bwana Taratibu hakuweza kuvumilia. Alimhurumia mzee wa watu, na alimheshimu Mheshimiwa, na zaidi ya yote lilimuuma kuona sentensi ya kweli inakataliwa. Akasogea mbele, akaweka mkono kifuani.

"Shikamoo, mama. Mimi nilikuwepo. Nilisimama pale pale, na Timu ya Utulivu ilikuwepo, tumeona wote kwa macho yetu. Alianguka kwenye ngazi."

Bikizee aliacha kulia. Alimtazama kuanzia viatu mpaka utosi, polepole, huku tasbihi imesimama kwenye vidole vyake.

"Ulikuwepo," alisema. "Kumbe ni wewe."

Ndugu za Mheshimiwa wakainuka mmoja mmoja, wakimsalimia kwa heshima zote. Bwana Taratibu aliitikia, akarudi nyuma hatua, kisha nyingine, akatoka koridoni akitafuta njia ya kuteremkia. Na hospitali ile haikuwa kama kiwanda. Hospitali ile ilikuwa na ngazi.